Somo la Redio: Betri Hairushi, Lakini Huunguza

Mwalimu aliye pamoja nanyi na aandike ubaoni maneno matatu: BETRI, VOLTI, SHOTI. Yasomeni mara mbili kwa sauti, kisha tuanze.

Leo nataka tulichungue neno moja ambalo watu hulisema sana. Husema hivi: “Betri ya gari haina neno. Mimi huishika kwa mikono miwili na hainirushi.” Neno hilo ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Nusu ya pili ndiyo iwapelekayo watu hospitali.

Kwanza tuone kwa nini ni kweli. Umeme hupita katika waya kama maji yapitavyo katika bomba. Pipa la maji likiinuliwa juu sana, maji hutoka kwa nguvu. Likiwa chini, hutoka polepole. Msukumo wa umeme twaupima kwa volti. Jina hilo latokana na Alessandro Volta wa Italia, aliyetangaza habari za betri yake mwaka 1800. Jiwe moja la tochi lina volti 1.5. Betri ya gari ina vyumba sita, na kila chumba kina volti 2 hivi, jumla volti 12. Lakini umeme wa soketi ya ukutani una volti 230 hivi.

Sasa tazameni viganja vyenu. Ngozi kavu ni kama mlango mgumu. Volti 12 haziwezi kusukuma umeme wa kutosha upite hapo. Volti 230 zaweza. Wala umeme hauhitaji kuwa mwingi ili uue. Ukipita kifuani, hata nusu ya ule unaowasha balbu moja ya wati 60 watosha kuuvuruga moyo.

Basi, je, umeme uliomo katika betri ya gari ni mchache? La, ni mwingi sana, ila umekosa njia. Ukipewa njia ya chuma hutoka kwa wingi mara moja, na hiyo ndiyo shoti. Najua wengi wetu husema “shoti” pia mtu anaporushwa na umeme. Leo tuyatenganishe mambo hayo mawili, maana fundi aweza kuunguzwa na shoti bila kurushwa hata kidogo.

Tuseme fundi anafungua betri kwa spana, na kidoleni amevaa pete. Betri ina vichwa viwili: kimoja kina alama ya kujumlisha, +, na kingine alama ya kutoa, –, zilezile mlizojifunza katika hesabu. Katika magari ya siku hizi, kichwa cha kutoa kimeunganishwa na bodi la gari. Fundi anaigusisha spana yake kwenye kichwa cha kujumlisha. Mkono unateleza, pete inabanwa kati ya spana na bodi. Umeme umepata njia! Unapita katika spana, unapita katika pete, unafika kwenye bodi. Pete hupata moto mkali kwa muda mfupi sana, na kuivua haiwezekani upesi. Kidole huungua pande zote.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa betri vua pete, saa, bangili na mkufu. Kisha fungua kwanza waya wa kutoa. Ukishaufungua, spana ikigusa bodi hakuna njia tena. Wakati wa kufunga, waya huo uwe wa mwisho. Mwalimu, tafadhali warudishieni wanafunzi jambo hili mara moja zaidi.

Jambo jingine ni hewa. Betri ya maji inapochajiwa hutoa hewa iitwayo haidrojeni, isiyo na rangi wala harufu. Hulipuka kwa cheche ndogo tu. Wako watu wanaofungua vifuniko usiku wakamulika kwa kibatari ili waone kama maji yamepungua. Ni hatari kubwa! Tumia tochi, na uchaji betri mahali penye madirisha wazi, si chini ya kitanda. Betri ikipasuka hurusha tindikali. Ikiingia machoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali. Magadi hufaa kwa tindikali iliyomwagika sakafuni. Machoni usiyatie kabisa.

Sasa, kule kurushwa kwenyewe kuko wapi? Kwanza kuko kwenye chaja, kwa sababu upande wake mmoja umeungwa na soketi ya ukutani. Pia kuko kwenye inveta, chombo wanachokitumia wengi wenye umeme wa jua. Inveta huzichukua zile volti 12 pole ikazigeuza kuwa 230. Umeme wa mtaa mzima waweza kuwa umekatika, nawe ukadhani waya za nyumba hazina kitu, kumbe inveta inazilisha. Izime kwanza, uzitenge na betri, ndipo uguse waya. Tena betri zikiungwa kwa kufuatana, volti hujumlishwa: betri nne za 12 ni 48. Baadhi ya pikipiki za umeme zina volti 60 na zaidi. Kwa hizo usiseme tena kwamba betri hairushi, hasa mikono ikiwa na maji.

Ukimkuta mtu amenaswa na umeme wa nyumba, usimshike. Zima swichi kubwa. Ikiwa haifikiki, simama juu ya ubao mkavu, umwondoe kwa mti mkavu. Kama hapumui, mbonyeze kifua katikati kwa nguvu na kwa haraka, mtu mwingine akiita msaada.

Kazi ya nyumbani: tafuteni betri yoyote, ya redio, ya gari au ya taa ya jua. Bila kuifungua, tafuteni alama ya + na ya –, na idadi ya volti. Ziandikeni katika daftari, pamoja na sentensi moja ya kueleza kwa nini waya wa kutoa hufunguliwa kwanza. Kwa herini.