Kila 'ndiyo' ina 'hapana' ndani yake

Jioni moja ya Kwaresima, mwenyekiti wa jumuiya alinipigia simu. Mzee mmoja mgonjwa alikuwa ananiomba niende nikamuungamishe. Nilikuwa kwenye kikao cha kamati ya ujenzi, na baada ya hapo nilisubiriwa kwenye kamati ya harusi. Nikajibu, "Nitakuja nikimaliza."

Nilifika saa nne usiku. Mzee alikuwa hai, lakini hakuweza tena kusema. Nilimpa ondoleo na Mpako wa Wagonjwa, nikamkabidhi kwa Mungu mwenye huruma. Mkewe alinisindikiza hadi mlangoni, akasema, "Pole na majukumu, Baba." Hakunilaumu. Pole ile ninayo hadi leo.

Ndugu msomaji, nilikuwa nikijiona mtu asiyejua kusema hapana. Usiku ule niligundua kwamba huisema kila siku, ila huwaangukia wale wasiolalamika. Kwangu alikuwa mgonjwa. Kwako huenda ni mtoto anayesinzia na daftari mkononi akikusubiri, au mama mzazi ambaye hujamtembelea tangu Krismasi, kwa sababu umo kwenye kwaya, kikoba, kamati ya shule na kamati tatu za harusi.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni. Mkwewe Yethro alipoona, alimwambia wazi kwamba utaratibu ule haufai: atachoka yeye, na watu watachoka pamoja naye. Kazi yenyewe ilikuwa ya Mungu. Kosa lilikuwa kuibeba peke yake. Musa alisikiliza, akachagua wasaidizi, naye akabaki na mashauri magumu.

Hata Bwana wetu, Injili ya Marko inavyosimulia katika sura ya kwanza, aliondoka alfajiri kwenda kusali, na wanafunzi walipomfuata kumwambia kuwa watu wote wanamtafuta, aliwaongoza kwenda vijiji vingine. Nyuma yake aliacha watu wenye shida za kweli. Alijua alichotumwa.

Sisi mara nyingi tunaogopa kuonekana wabaya. Wakati mwingine ni kiburi: tunaamini bila sisi mambo yatakwama. Nilipojitoa kwenye kamati ya ujenzi, baadhi ya waumini walinung'unika. Ukuta, hata hivyo, uliendelea kupanda, na vikao vikawa vifupi zaidi!

Leo baada ya Misa, chukua karatasi uandike kila jukumu ulilonalo. Kando ya kila moja andika jina la mtu anayekukosa kwa sababu ya jukumu hilo. Kisha mbele za Mungu jiulize: hili nimetumwa, au niliona aibu kukataa? Chagua moja uliache. Usitoweke kimyakimya wala kuzima simu. Kabidhi daftari na fedha, eleza mpaka mwenzako aelewe, shukuru, uondoke kwa amani.

Lakini nafasi utakayoipata usiijaze na kikao kingine. Mpelekee yule uliyeandika jina lake. Kwangu mimi, Jumanne alasiri sasa ni ya wagonjwa, na sikubali kikao.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Sisi tunajaribu saba.

Tumsifu Yesu Kristo.