Je, Wajua? Redio na Sanaa za Ng'ambo ya Mombasa

Je, wajua kwamba mmoja wa watangazaji waliodumu sana hewani nchini Kenya alikuwa mwana wa Frere Town, upande wa Kisauni? Ni marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa mwaka 1940. Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na kuanzia mwaka 1966 kipindi chake cha *Je, Huu Ni Ungwana?* kikawa hewani kwa zaidi ya nusu karne. Hakuhubiri. Alisimulia kituko cha mtu asiye na adabu, kisha akamwachia msikilizaji swali. Mtayarishaji yeyote anayedhani kipindi hakinogi bila vishindo na akisikilize kile.

Je, wajua kwamba kipaji hicho cha kusimulia hakikuanzia kwake? Katika ukoo wake, James Juma Mbotela ndiye mwandishi wa *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka mwaka 1934 na kinachohesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ndefu zilizoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika. Kinasimulia habari za watu waliotekwa, wakakombolewa, wakaletwa Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana wa CMS miaka ya 1870. Mmoja alisimulia kwa kalamu, mwingine akasimulia kwa kipaza sauti. Na ukipita Kengeleni leo, jina la mtaa linatokana na kengele ya makao yale yale.

Je, wajua kwamba tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walimtoa Mbotela nyumbani kwake Ngara, Nairobi, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa? Walikuwa na bunduki, lakini walijua wananchi wangeamini sauti waliyoizoea. Mapinduzi yalizimwa siku hiyo hiyo. Mbotela alifariki Februari 2025.

Je, wajua kwamba Mombasa ilikuwa na redio yake hata kabla ya uhuru? Miaka ya 1950 Sauti ya Mvita ilisikika mjini. Leo zipo Pwani FM ya KBC, Baraka FM, Radio Rahma, Radio Kaya na nyingine.

Je, wajua kwamba mwenye kutafuta habari za sanaa hana haja ya kuishia Mji wa Kale? Changamwe kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoundwa mwaka 1963. Ufundi wenyewe ulienezwa Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Bombolulu, kwenye barabara ya Malindi, watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza vito, nguo na vinyago tangu mwaka 1969. Mlio wa tezo na msumeno ni sauti nzuri mno ya kufungulia kipindi, nami nashangaa hausikiki redioni mara nyingi zaidi.

Je, wajua ni ngoma ipi inayomtesa fundi wa kurekodi? Sengenya ya Wadigo, ambao Likoni ni kwao. Nzumari yake ni kali, na ukiiweka karibu na kipaza sauti inameza ngoma na waimbaji pamoja. Mwenye uzoefu humsogeza mpiga nzumari nyuma, humleta mwimbaji mbele, ndipo hubonyeza kitufe. Kwa Wagiriama, ngoma ya mwanzele nayo ina mahali pake, hasa matangani; hapo mtu wa redio huomba ruhusa ya wazee kwanza.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya taarabu ya Mombasa ilisambazwa kwa kanda na duka lililoitwa Mbwana Radio Service? Sauti ya Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, iliingia majumbani kwa njia hiyo. Mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita. Mtangazaji anayepiga wimbo wa Bhalo bila kumtaja mtunzi anamnyima malenga haki yake.

Kanda huliwa na unyevu wa pwani. Ikiwa nyumbani kwenu Likoni, Kisauni au Changamwe kuna kanda ya ngoma au ya harusi ya zamani, andika juu yake leo jina la kikundi, la mtunzi, mahali na mwaka, kisha ipeleke kituo cha redio ikanakiliwe wangali hai wanaozitambua sauti hizo.