Usikifiche Kidole Kilichoumia

Ndugu msomaji, chukua jembe lako. Lishike kwa vidole vinne tu, bila kutumia kidole gumba. Jaribu kulima. Unaona? Mpini unazunguka na jembe linateleza. Madaktari wa mikono wanakadiria kwamba kidole gumba peke yake kinafanya karibu asilimia 40 ya kazi ya mkono mzima.

Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini mkono ndio chombo cha kwanza cha mkulima. Mkono ukiharibika, shamba linalala. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya wawindaji wa wilaya ya Kilosa, na vidole vyao.

KWA NINI WAWINDAJI HUUMIA

Vijiji vyetu vingi vimepakana na pori. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, lakini wanyama hawajui mpaka. Nguruwe pori na nyani wanakula mahindi. Tembo wanaingia mashambani usiku. Basi wako watu wanaowinda ili kupata kitoweo, na wako wanaowinda ili kulinda mazao.

Mwindaji huumia kwa njia nyingi. Gobori la kienyeji hutengenezwa kwa bomba la chuma. Baruti ikizidi, au bomba likiliwa na kutu, linapasuka karibu na mkono. Waya wa mtego hukaza kidole mnyama anapouvuta. Panga huteleza wakati wa kuchuna. Mnyama aliyejeruhiwa huuma, na hata mbwa wa kuwindia huuma.

HOFU YA KWENDA ZAHANATI

Mara nyingi mwindaji aliyeumia hujificha. Hufunga kidole kwa kitambaa, hunyunyizia ugoro au majivu, na kukaa ndani. Anaogopa kuulizwa, "Ulikuwa unafanya nini porini?"

Hofu hiyo ina sababu. Kuwinda ndani ya hifadhi ya taifa ni marufuku. Nje ya hifadhi, sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 ilitaka mwindaji awe na kibali, na sheria ya mwaka 2009 iliyochukua nafasi yake inataka hivyo hivyo. Bunduki nayo inataka leseni. Sikuambii uvunje sheria.

Lakini pima mwenyewe. Faini hulipwa ikaisha. Kifungo nacho kina siku ya kutoka. Mkono uliokatwa kwa sababu ya kuoza haurudi, na mtu aliyekufa kwa pepopunda harudi.

Kazi ya mganga wa zahanati ni kutibu jeraha. Mwambie ukweli wa kitu kilichokuumiza. Kama ni baruti, atatafuta vipande vya chuma na masizi vilivyoingia ndani. Kama ni jino la mnyama, atafikiria kichaa cha mbwa. Ukimdanganya kwamba umejikata kwa shoka, atatibu ugonjwa mwingine. Jeraha la bunduki huandikiwa fomu ya polisi iitwayo PF3. Fomu hiyo isikufanye ubaki nyumbani. Nenda, utibiwe.

MAMBO YA KUFANYA MARA MOJA

1. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 au zaidi, bila kuchungulia. Inua mkono juu ya usawa wa moyo. Usifunge kidole kwa kamba au mpira, maana kitakosa damu na kufa.

2. Vua pete mapema, kabla kidole hakijavimba.

3. Damu ikipungua, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kama umeumwa na mnyama, osha kwa dakika 15 na uende siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa.

4. Usipake kinyesi cha ng'ombe, udongo, majivu, ugoro, mafuta ya taa wala unga wa betri.

5. Kama kipande cha kidole kimekatika, usikitupe. Kisuuze, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha weka mfuko huo katika maji ya baridi. Barafu isiguse nyama. Kukirudishia kunataka wataalamu wa hospitali kubwa, na si kila kipande hurudi. Lakini mwache daktari ndiye aamue.

Kisha anza safari. Zahanati ikishindwa, kuna Hospitali ya Wilaya pale Kilosa na Hospitali ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi.

PEPOPUNDA NA WANAUME

Vijidudu vya pepopunda vinaishi katika udongo na kinyesi cha wanyama. Vinapenda jeraha la ndani lenye uchafu. Dalili huanza kati ya siku ya 3 na ya 21. Taya hukaza, mtu hushindwa kufungua kinywa, kisha mwili wote hukakamaa. Wengi hufa.

Mama mjamzito huchomwa chanjo ya pepopunda kliniki. Watoto nao huchanjwa, na mpango wa chanjo wa taifa ulianza mwaka 1975. Lakini mwanaume mzima ana kadi gani? Wengi hawana. Na ndio wanaoshinda porini na panga. Ukiumia, uliza sindano ya pepopunda siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

WIKI ZA KUPONA

Nyuzi za mkono hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Mfupa wa kidole huchukua wiki 4 hadi 6 kuunga. Kano, yaani kamba zinazovuta kidole, huchukua hadi wiki 12 kupata nguvu kamili. Usishike jembe kabla ya wakati, maana kano iliyoshonwa inaweza kukatika tena.

Siku za mwanzo, weka mkono juu hata unapolala. Acha sigara na ugoro, kwa sababu tumbaku hupunguza damu inayofika kwenye vidole. Kula maharage, mayai, mchicha na mapapai. Rudi hospitali haraka ukiona usaha, harufu mbaya, homa, uvimbe unaopanda mkononi, au kidole kuwa baridi na cheusi.

Adui wa pili ni kukakamaa. Kidole kilichofungwa muda mrefu hugoma kukunja. Mganga akikuruhusu, kikunje na kukinyoosha mara 10, asubuhi, mchana na jioni, ndani ya maji ya uvuguvugu. Vidole vizima vichezeshe tangu mwanzo. Baadaye kamua kitambaa kilicholowa maji. Halafu pukuchua mahindi au menya karanga. Utaumia kidogo, lakini ndiyo dawa.

KAMA KIDOLE KIMEONDOKA

Mtu aliyekatwa kidole anaweza kukisikia bado kipo. Kinamwasha au kinamuuma. Wengine hudhani wamelogwa. Si uchawi. Mishipa ya fahamu bado inapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo haujazoea.

Kigutu huwa chepesi kuumia. Jeraha likifunga kabisa, kifundishe. Kisugue kwa kitambaa laini kila siku, kisha kwa kitambaa kigumu zaidi. Zamisha mkono katika bakuli la mchele au mtama na uchezeshe vidole humo. Asubuhi za baridi, hasa milimani kuelekea Ukaguru, kigutu huuma. Kivalishe soksi.

KURUDI KAZINI

Nenesha mpini wa jembe na wa panga kwa kuuzungushia mpira wa baiskeli. Mkono usioweza kufumba ngumi kamili utashika mpini mnene.

Je, utawinda tena? Kama una kibali na leseni, jipime kwanza. Shika ndoo ya maji iliyojaa nusu, utembee nayo hatua 50. Ikikuponyoka, bunduki nayo itakuponyoka, na jirani yako anaweza kufa. Kama kidole cha kufyatulia ndicho kilichoondoka, usijifunze upya peke yako porini. Na gobori lililopasuka mara moja lisirudi begani. Lipeleke polisi.

Wakati mkono unapona, shamba halitajilinda. Wanakijiji wenzangu, hapa pana kazi yetu. Tupange zamu ya kulinda shamba la mgonjwa, tupige madebe, tuwashe moto usiku. Mtu akijua mahindi yake yana mlinzi, hatarudi porini na kidonda kibichi.

Ndugu msomaji mwanaume, mke wako anapokwenda kliniki safari ijayo, nenda naye. Uliza kwa mhudumu kama unaweza kupata chanjo ya pepopunda. Kisha weka kadi yako pamoja na ya watoto.