Mwenzi Anayekataa Kuanguka

Mwaka 1882, kijana wa miaka 21 aitwaye Jigoro Kano alifungua ukumbi wa mazoezi ndani ya hekalu la Eishoji jijini Tokyo. Alikuwa amefunzwa jujutsu, sanaa iliyosheheni mbinu za kuvunja viungo na kupiga sehemu za hatari. Kano akafanya jambo lililoelekea kuipunguzia makali. Mbinu hatari zaidi alizibakiza kwenye kata, miondoko inayofanywa kwa makubaliano. Kwenye randori, pambano huru la mazoezi, aliruhusu yale ambayo watu wawili wanaweza kufanyiana kwa nguvu zote na kesho yake wakarudi ukumbini: kubwagana, kukabana, kubanana chini.

Hapo ndipo judo, sanaa aliyoiunda Kano, ilipopata nguvu. Anayerudia mara elfu mbinu ya kutoboa jicho bila kumgusa mwenzake anajizoesha kuishia hewani. Anayejaribu kumbwaga mtu asiyetaka kubwagwa anajifunza mengine: kuhisi uzito unapohama, kuvuta kwa wakati wake, kubadili nia jaribio la kwanza linapofeli. Nalo hufeli mara nyingi.

Hata hivyo, madarasa mengi ya kujihami bado yanafundisha kwa mtindo wa sanamu. Mshambuliaji anarusha ngumi moja, kisha anaacha mkono ukining'inia huku mwenzake akimzungusha apendavyo. Kibaka hangoji hivyo. Akiwa na kisu, huchoma na kuvuta, huchoma na kuvuta, huku mkono wa pili umekushika shati.

Kuna jaribio rahisi la kupima mafunzo ya kunyang'anya kisu. Mvalishe mwanafunzi fulana nyeupe kuukuu na miwani ya kinga, mpe mwenzake maka peni, mwambie achome atakavyo. Baada ya sekunde chache fulana hujaa michirizi. Mkufunzi anayetoza ada kwa somo hilo angepaswa kuvaa fulana hiyo kwanza.

Upinzani pekee hautoshi, kwa sababu woga nao hubadilisha mwili. Nchini Uholanzi, mtafiti Raôul Oudejans alilinganisha makundi mawili ya polisi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Moja lilifanya mazoezi ya kulenga shabaha za kadibodi. Jingine lilikabili mtu aliyeweza kuwajibu kwa risasi za mazoezi zenye sabuni, ambazo huuma. Walipopimwa chini ya shinikizo, kundi la kadibodi lilipoteza shabaha. Lile jingine halikutetereka.

Marekani, tangu miaka ya 1970, wakufunzi wengine wamekuwa wakivaa mavazi mazito ya sponji kuanzia kichwani, ili mwanafunzi apige kwa nguvu zake zote. Kabla ya kushambulia humtukana, humsogelea, humchanganya kwa maneno. Mbinu hii ina mtego wake: aliyevaa sponji akianguka kwa adabu kila anapoguswa, sanamu imerudi kwa mlango wa nyuma.

Ushahidi mzito zaidi umetoka Kanada. Mwaka 2015, Charlene Senn na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi wa kike 893 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu. Waliopata mafunzo ya saa 12 waliripoti kubakwa kwa asilimia 5.2 katika mwaka uliofuata, dhidi ya asilimia 9.8 kwa waliopewa vipeperushi tu. Mapigo yalikuwa sehemu moja tu ya mafunzo hayo. Muda mwingi ulikwenda kwenye kutambua hatari mapema na kuvunja haya ya kumkatalia mtu unayemfahamu, maana wabakaji wengi ni watu wanaofahamika.

Kwa hiyo zoezi linalofanana na maisha huanza kabla ya ngumi. Mwanafunzi ameketi, mgongo ukutani, na mwenzake amepewa maagizo ya siri: leo omba simu, leo mshike mkono, leo ondoka ukikemewa. Mlango uko wazi nyuma ya mshambuliaji, na anayeufikia bila kurusha pigo lolote anahesabiwa amefaulu.