Kwa nini fomu ya mtandaoni hukataa ulichoandika?

Mkazi wa Budondo, kaskazini mwa Jinja kwenye ukingo wa Mto Nile, anaweza leo kuanza kuomba pasipoti au namba ya mlipakodi akiwa na simu mkononi. Fomu zimehamia mtandaoni. Lakini wengi waliowahi kuzijaza wanaifahamu adha hii: unamaliza kuandika, unabonyeza kitufe cha kutuma, kisha maandishi mekundu yanakuambia kwamba namba yako si sahihi. Namba ni ile ile uliyoitumia miaka yote. Nani aliyeikataa?

Mara nyingi aliyeikataa yumo ndani ya simu yako. Ukurasa wa fomu unapofunguka, huja pamoja na programu fupi iliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript, ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari. Lugha hiyo ilibuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape, aliyeandika toleo la kwanza kwa siku 10 tu. Enzi hizo intaneti ilipita kwenye nyaya za simu, na kusubiri jibu kutoka mbali kwa sababu tu mtu amesahau kujaza jina kulikuwa kupoteza muda na fedha. Ukaguzi ukafanywa papo hapo. Sababu hiyo bado ina uzito kwa anayenunua data kidogo kidogo.

Kila kisanduku cha fomu kina jina lake ndani ya ukurasa. Unapobonyeza kitufe, programu huizuia kwanza safari ya taarifa, hukiita kila kisanduku kwa jina, huchukua kilichomo, kisha hukipima kwa kanuni alizoziweka mtunzi wake. Yote yakipita, taarifa huenda kwenye seva ya ofisi husika, ambako hupaswa kukaguliwa upya. Yasipopita, hayaendi popote, na kwa kawaida ofisi haina habari kwamba ulijaribu. Hakuna faili lako, hakuna wa kukupigia simu. Siku ya mwisho ikipita, kwao wewe hukuomba.

Programu hiyo husoma maandishi, haisomi nia. Hata tarakimu huipokea kama maandishi: ukijaza 5 katika kisanduku kimoja na 3 katika kingine, JavaScript isipoelekezwa kuzigeuza kuwa namba itazijumlisha na kutoa 53. Ikizigeuza pasipostahili, namba ya simu inayoanza na 0 hupoteza sifuri yake, maana katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Zinabaki tarakimu 9 badala ya 10. Nafasi tupu nayo huhesabiwa. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Uganda ina herufi na tarakimu 14, lakini kibodi ya simu ikiongeza nafasi moja mwishoni, programu isiyofundishwa kuiondoa itaona 15.

Majina yana taabu yake. Mtunzi aliyeruhusu herufi za A hadi Z pekee amewafungia mlango wote wenye ng' katika majina yao, kwa kuwa kile kialama cha juu hakimo katika orodha yake. Hapo kosa ni la mtunzi, ingawa maandishi mekundu humtuhumu mwenye jina.

Tarehe ni hatari zaidi, kwa sababu huweza kupita bila kelele. Ukiandika 03/04/1998 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, na mtunzi akaiacha JavaScript iifasiri yenyewe, vivinjari vingi vitaisoma kwa desturi ya Kimarekani: tarehe 4 Machi. Kitambulisho chako na ombi lako vitatofautiana. Na saa? Msemaji wa Kiswahili, Kiganda au Kisoga anayeandika 2:00 kwa miadi ya saa mbili asubuhi amejipangia saa nane ya usiku. Ni afadhali kuandika 08:00.

Orodha za kuchagua nazo huzeeka. Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji Julai 2020, na Budondo ikaingia Jinja Kaskazini. Fomu iliyotungwa kabla ya hapo bado itakutaka uitafute Budondo chini ya wilaya.

Kabla ya kuondoka kibanda cha intaneti, basi, usiridhike na kubonyeza kitufe. Subiri namba ya kumbukumbu; hiyo hutoka kwenye seva, na ndiyo dalili kwamba ombi limefika.

Kuna upande mwingine ambao wengi hawaujui. JavaScript inaweza kusoma kisanduku wakati bado unaandika, kabla hujatuma chochote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na wataalamu wa vyuo vikuu vya Ulaya ulichunguza tovuti 100,000 zenye wageni wengi duniani. Zilipofunguliwa kutoka Ulaya, 1,844 kati yake zilikuwa zikichukua anwani ya barua pepe kabla ya mtumiaji kubonyeza kitufe. Zilipofunguliwa kutoka Marekani, zilifika 2,950. Kwa hiyo kufuta ulichoandika si lazima kukirudishe kwako.

Nchini Uganda, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu kupata ridhaa yake, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo. Malalamiko hupelekwa katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, Kampala.