Wakongomani Ubelgiji: frigo ya bei nafuu inaweza kugharimu zaidi ya frigo mpya

Mkongomani anayefika Bruxelles kutoka Bukavu, Goma au Lubumbashi, mara nyingi hupewa funguo za nyumba tupu. Nyumba nyingi za kupanga nchini Ubelgiji hazina vyombo. Kuna zenye jiko na frigo, na kuna zile ambazo jikoni mmebaki bomba la maji tu. Kwa hiyo pesa za miezi ya kwanza, pamoja na zile ambazo familia nyumbani inazisubiri, zinaishia kwenye frigo, kitanda na mashine ya kufulia.

Wengi hukimbilia vitu vilivyokwisha tumika. Katika mtaa wa Ixelles, uliko pia Matonge, shirika la Les Petits Riens, lililoanzishwa mwaka 1937, linauza meza, makabati na vyombo vya umeme vya mkono wa pili. Upande wa Flandre kuna maduka ya Kringwinkel. Vitu vingine vinapatikana kwenye intaneti, mtu akimuuzia mwenzake.

Tofauti kati ya njia hizo haionekani kwenye bei. Muuzaji wa kazi anatakiwa na sheria kutoa garanti ya miaka 2 kwa kitu kipya, na isiyopungua mwaka 1 kwa kitu kilichotumika. Mtu binafsi anayeuza frigo yake hafungwi na garanti hiyo. Ikizima baada ya wiki mbili, mnunuzi atapata shida kubwa kurudishiwa pesa zake. Ndiyo maana risiti inatunzwa kama kitambulisho.

Jambo lingine linalowashangaza wageni ni haki ya kurudisha. Aliyenunua kwa muuzaji wa kazi kupitia intaneti ana siku 14, tangu apokee kitu, za kubadili mawazo bila kueleza sababu. Aliyenunua ndani ya duka hana haki hiyo, isipokuwa duka lenyewe likubali. Na hata kwa intaneti, gharama ya kurudisha mashine ya kilo 70 inaweza kumwangukia mnunuzi.

Ngazi nyembamba

Nyumba za zamani za Bruxelles zina ngazi nyembamba zenye kona kali. Kabati au kochi linaweza kukwama ghorofa ya kwanza huku mwenyewe akikaa ya nne. Wenyeji hukodi lifti ya nje, ngazi ya mashine inayopandisha vitu hadi dirishani, na huomba komini iwahifadhie nafasi mbele ya nyumba. Maduka mengi hufikisha mzigo mlangoni. Kupandisha na kufunga mashine mara nyingi hulipiwa kando. Ni heri kupima mlango, ngazi na dirisha kabla ya kulipa.

Umeme nao una bei. Tangu Machi 2021, frigo na mashine mpya za kufulia zina alama mpya kutoka A hadi G. Frigo haizimwi usiku wala mchana, hivyo ile ya zamani inayokula umeme mwingi hurudi kudai pesa kwenye kila fakitire. Anayenunua mpya ana faida nyingine: duka linapaswa kuchukua frigo ya zamani ya aina hiyo bila malipo, kwani mchango wa Recupel uko tayari ndani ya bei.

Kutuma nyumbani

Wengine wananunua kwa ajili ya mama au dada anayeuza vinywaji baridi na samaki. Umeme wa Ubelgiji, volti 230 na hezi 50, unakaribia ule wa DRC. Ndugu walio Marekani hawana bahati hiyo: kule ni volti 120 na hezi 60, na frigo ya huko ikichomekwa moja kwa moja Goma inaweza kuungua.

Lakini sheria za Ulaya zinakataza kusafirisha vyombo vya umeme vilivyokufa kwa jina la mali iliyotumika. Kila chombo kinapaswa kupimwa, kuonekana kinafanya kazi, kufungwa vizuri na kuwa na karatasi zake. Mzigo unaotoka Anvers kwenda Matadi unahitaji pia FERI, karatasi ya OGEFREM, kisha unapita mikononi mwa DGDA kwa ushuru. Mzigo wa Goma au Bukavu mara nyingi hupitia Mombasa au Dar es Salaam, na safari ndefu ya lori huongeza gharama.

Mwishoni hesabu inabaki kuwa bei ya duka, usafiri, ushuru, na stabilisateur ya kukinga frigo dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Jumla hiyo ikizidi bei ya frigo sokoni Kadutu au Virunga, kutuma pesa kunamfaa mama kuliko kutuma frigo.