Unataka Kununua Mashine ya Maita ya Reli? Cheki Hizi Vitu Kabla Doh Itoke Mfukoni

Wasee wengi siku hizi wameamua kujitengenezea fanicha kejani. Ukipita Ngong Road na uulize bei ya kitanda, unarudi mtaani ukijiambia, "Hii si hata mimi naweza?" Unaweza. Mahali watu huchomeka ni kwa kuchagua mashine, haswa maita ya reli: ule msumeno wa umeme unaoshuka juu ya mbao kama panga na bado unateleza mbele na nyuma. Si mashine ya doh ya chai, kwa hivyo wacha tuongee kabla upande mat ya kwenda tao.

Pima mbao yako kwanza

Kazi ya maita ni kukata mbao kwa upana, iwe wima ama kwa kona. Meza yake inazunguka kukupea digrii 45 za fremu, kichwa kinalala kando kwa mikato ya mshazari, na reli inaongeza upana. Maita ya kawaida yenye diski ya inchi 10 (milimita 255) hukata mbao ya upana wa kama milimita 130 hivi. Ongeza reli, diski ikiwa ile ile, na unafika karibu 300. Hiyo ndiyo tofauti unalipia.

Kama wewe ni mtu wa 3 by 2 na 4 by 2, reli ni urembo tu. Chukua ya kawaida, doh ikibaki nunua diski poa. Kama unakata 8 by 1 za rafu, reli inakuhusu. Ya 12 by 1 ina kama milimita 305 kabla ipigwe randa, na mashine nyingi za inchi 10 zinaishia hapo hapo, kwa hivyo soma kipimo kwenye boksi. Na kama ndoto yako ni kabati za MDF, jua hakuna maita itapasua shiti ya futi 8 kwa 4. Hiyo ni kazi ya msumeno wa mkono wa umeme na rula ndefu.

Usidanganywe na plagi

Hapa ndipo mtu huuziwa mbuzi kwa gunia. Stima ya Kenya ni volti 240. Mashine za mtumba kutoka Marekani ni za volti 120, na zile ex-UK za plagi ya njano, zinazotumika kwa mijengo huko Uingereza, ni za volti 110. Mtu akikwambia "badilisha plagi tu," toka hapo mbio. Ukiiwasha kwa soketi ya kejani, mota inaungua. Soma kibati cha mashine, usisome mdomo wa muuzaji.

Pia, mashine ya wati 2000 inavuta zaidi ya ampea 8. Ile ekstensheni nyembamba ya kuchaji simu itapata moto. Tafuta yenye waya mnene na uikunjue yote.

Ijaribu ukiwa dukani

Ukizunguka Kirinyaga Road ama River Road, beba kipande cha mbao kilichonyooka. Vuta kichwa hadi mwisho wa reli, kisha kitingishe kando. Kikicheza, mkato hautanyooka.

Halafu omba wakate hiyo mbao katikati, kwa sifuri. Geuza kipande kimoja juu chini, viunganishe tena ukiviegemeza kwa kitu kimenyooka. Ukiona mwanya, huo ni kosa la mashine mara mbili. Uliza kama inaweza kurekebishwa, na urekebisho ufanyike ukiwa hapo.

Angalia pia tundu la diski. Kuna za milimita 30, 25.4 na 16, na diski ya tundu lingine haikusaidii. Meno 24 ni ya kazi ya haraka. 60 kwenda juu ndiyo hutoa mkato safi.

Keja iko na nafasi?

Reli nyingi hutokea nyuma, kwa hivyo huwezi ibana kwa ukuta. Kama unaishi ploti ya Kawangware ama Kangemi, pima hiyo kona kabla ununue. Na kelele zake si mchezo, ongea na keateka mapema.

Vidole havina spea

Vuta kichwa kwako kabla ya kuwasha, washa, shusha, kisha sukuma kwenda mbele. Ukikata ukivuta, diski inaweza panda mbao na kukurukia. Mkono ukae sentimita 15 kutoka kwa diski, kipande kifupi kifungwe kwa klampu, na usiinue kichwa kabla diski isimame. Vaa miwani na barakoa, haswa kwa MDF. Glavu toa, zinaweza kunaswa na kuvuta mkono.

Mwisho, usilipe bila risiti na waranti, na uliza kama spea za hiyo brandi zinapatikana hapa Nairobi. Mashine ya bei rahisi yenye spea inaweza kukufaa kuliko jina kubwa lililolala kwa kona likingoja kaboni.